Taka za nyuklia ziwekwe wapi? Bwawa, kasha, shimo la kina au kiwanda cha kuchakata

Mjadala wa umeme wa nyuklia huanza na mlipuko na kuishia kwenye taka. Mmoja akitaja Chernobyl, mwenzake humjibu kwamba Ufaransa inapata karibu theluthi mbili ya umeme wake kutoka kwenye nyuklia na watu wanalala usingizi. Hapo hubaki swali ambalo hakuna upande unaolijibu upesi: yale mafuta ya nyuklia yakishatumika, yanakwenda wapi? Wapinzani nchini Japani wamelifupisha kwa msemo mmoja: kinu cha nyuklia ni jumba la fleti lisilo na choo.

Kwetu Afrika Mashariki swali hili limeshabisha hodi. Kenya inapanga kituo cha takriban megawati 1,000. Wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kukipinga, na mwaka 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo imeelekeza macho Buyende. Siku utakapoitwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, utaambiwa taka zitahifadhiwa kwa njia salama. Njia ipi? Zipo nne zinazotumika au kujengwa duniani, na kila moja ina watu wanaoiapia na watu wasiotaka kuisikia.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 30 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Si ule uji wa kijani unaochuruzika kwenye katuni. Ni vijiti vya metali vyenye urefu wa mita 4 hivi, vimefungwa mafungu mafungu, na ndani yake mna vidonge vigumu vya urani. Vikitoka kinuni huwa na matatizo mawili yenye umri tofauti. Joto lake ni kali miaka ya mwanzo, kisha hupungua. Mionzi haina haraka hiyo: elementi za sizi na stronti, zinazosumbua zaidi karne za kwanza, hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, lakini plutoni-239 huchukua miaka 24,100 kupungua nusu.

Nimechagua vigezo vinne, na kila njia itapimwa kwa hivyo hivyo. Ajali: mambo yakienda mrama, hutokea nini, na kuna muda gani wa kuchukua hatua? Ulinzi: nani lazima awepo, kwa miaka mingapi? Pesa: si bei tu, bali nani analipa na lini. Kurudi nyuma: wajukuu wakigundua kosa letu, wataweza kuzifikia taka hizo? Ridhaa ya wenyeji sikuiweka kwenye orodha kwa sababu inategemea namna mradi unavyoletwa kuliko njia yenyewe, ila utaiona ikijitokeza kila mahali.

## Bwawa

Mwanzoni hakuna mbadala wa bwawa. Mafuta yanayotoka kinuni ni ya moto mno, hivyo huzamishwa papo hapo kwenye maji yenye kina cha mita 12 hivi, ndani ya kuta nene za zege zilizovikwa chuma cha pua. Maji hupoza na pia huzuia mionzi, kiasi kwamba mfanyakazi anaweza kusimama ukingoni akayatazama mafungu kule chini. Baada ya miaka mitano hivi, mafuta mengi yanakuwa yamepoa vya kutosha kuhamishwa. Ubishi wote unahusu mabwawa yanayogeuzwa kuwa ghala la miongo kadhaa.

Ajali. Mfano mkubwa ni Fukushima Daiichi. Tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 vilikata umeme wa kituo. Kinu namba 4 kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na mafuta yake yote yalikuwa yamehamishiwa bwawani miezi michache kabla. Mafungu 1,535, mapya 204 yakiwemo, yakabaki kwenye bwawa lililoko juu ghorofani bila pampu hata moja, na tarehe 15 jengo likapasuliwa na mlipuko wa haidrojeni. Gregory Jaczko, mwenyekiti wa tume ya nyuklia ya Marekani, akawaambia wabunge wa nchi yake kwamba bwawa limekauka. Halikuwa limekauka. Ilikuja kubainika kwamba maji ya chumba kilicho juu ya kinu, ambacho kilikuwa kimejazwa kwa ajili ya yale matengenezo, yalipenya langoni yakaingia bwawani. Hakuna aliyepanga hivyo. Kisha likaletwa lori la ujenzi, lile lenye mkono mrefu wa kupandishia zege ghorofani, likawa linamimina maji badala ya zege. Kufikia Desemba 2014 mafungu yote yalikuwa yametolewa.

Watetezi wa mabwawa husema lilistahimili. Wapinzani husema ni bahati. Kwa maoni yangu wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu bwawa lililojaa kupita kiasi halinipi amani.

Ulinzi. Umeme, pampu, maji na mafundi, mchana na usiku, mwaka mzima. Pesa. Gharama yake imo tayari ndani ya bei ya kituo, kwa hiyo mwenye kituo haoni sababu ya kuharakisha kuyahamisha mafuta. Kurudi nyuma. Hakuna rahisi kuliko hapa.

Bwawa linafaa kwa kila nchi yenye kinu, kwa miaka ya mwanzo. Nje ya hapo linamfaa mtu anayeahirisha uamuzi.

## Kasha kavu

Mafuta yakishapoa hutiwa ndani ya mkebe wa chuma cha pua, maji yakatolewa, gesi ya heli ikajazwa na kifuniko kikachomelewa. Mkebe huo huingizwa ndani ya ganda nene la zege lenye matundu chini na juu: hewa ya baridi inaingia chini, inapata joto, inatokea juu. Hakuna pampu wala swichi. Marekani ilianza kutumia makasha haya mwaka 1986 kwenye kituo cha Surry, Virginia, na leo yamesimama kwenye sakafu za zege nyuma ya uzio katika majimbo mengi. Nchi hiyo ina takriban tani 90,000 za mafuta yaliyotumika na haina mahali pa kudumu pa kuyaweka.

Ajali. Fukushima ileile ilikuwa na makasha tisa. Jengo lililoyahifadhi lilifurika maji ya tsunami. Yalipokaguliwa baadaye, mafuta yaliyokuwemo yalikutwa salama. Hicho ndicho kielelezo kikubwa cha wanaoyatetea.

Hatari ya kasha huja zaidi siku ya kulijaza na kulishusha. San Onofre, kituo kilichofungwa katika ufukwe wa kusini mwa California, kinaweka mikebe yake kwenye mashimo ya zege hatua chache kutoka baharini. Tarehe 3 Agosti 2018 mkebe wenye uzito wa tani 50 hivi ulikuwa ukishushwa ndani ya shimo lake. Ukakwama kwenye ukingo mwembamba wa chuma, mita 5 na kitu juu ya sakafu. Mikanda ya winchi ikalegea, na wafanyakazi wakadhani mkebe umefika chini. Kwa karibu saa nzima ulikaa pale ukiwa umeegemea ule ukingo tu, bila kushikiliwa na chochote kutoka juu, hadi walipogundua na kuunyanyua tena. Haukuanguka. Wananchi walijuaje? Siku chache baadaye, kwenye mkutano wa kawaida wa kamati ya wananchi, mfanyakazi wa usalama kazini alisimama akaeleza aliyoyaona. Tume ya nyuklia ikachunguza na kuitoza kampuni faini ya dola 116,000.

Kisa hiki hutumiwa na wapinzani kuonyesha uzembe, na ni haki yao. Mimi hunivutia zaidi ule mkutano. Bila kikao kilicho wazi kwa kila mtu, habari hiyo ingechukua muda gani kufika nje?

Ulinzi. Uzio, kamera, askari na wakaguzi. Mitambo haipo, lakini watu lazima wawepo, na makasha hayakuundwa kukaa karne nyingi. Leseni za Marekani hutolewa kwa miaka isiyozidi 40, kisha huombwa upya. Pwani kuna la ziada: chumvi ya hewani inaweza kuanzisha nyufa kwenye chuma cha pua, na kukagua mkebe uliozibwa ndani ya zege ni kazi ngumu.

Pesa. Kasha moja lililojazwa hugharimu zaidi ya dola milioni 1, na hiyo ndiyo sehemu nafuu. Kituo cha Maine Yankee, kule Wiscasset, Marekani, kiliacha kuzalisha umeme mwaka 1996 na kituo kikabomolewa chote. Makasha zaidi ya 60 yamebaki pale, na kuyalinda hugharimu takriban dola milioni 10 kila mwaka, bila hata taa moja kuwashwa. Sheria ya mwaka 1982 iliifunga serikali ya Marekani kuanza kuchukua mafuta hayo kufikia tarehe 31 Januari 1998. Haikuyachukua. Kampuni zikashtaki, zikashinda, na walipakodi wamekwisha kulipa fidia ya mabilioni ya dola.

Kurudi nyuma. Inawezekana, ila mkebe uliochomelewa unahitaji karakana maalumu ya kuufungua.

Kasha linafaa nchi inayohitaji muda wa kufikiri na yenye taasisi zinazokagua kweli. Kasoro yake ni neno "muda", ambalo halina tarehe.

## Shimo la kina

Wazo ni kuziondoa taka mikononi mwa binadamu kabisa. Ufini ndiyo iliyofika mbali zaidi. Olkiluoto, katika manispaa ya Eurajoki, kampuni ya Posiva ilianza kuchimba mahandaki ya Onkalo mwaka 2004, mita 400 na zaidi chini, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Mafuta huwekwa ndani ya chuma, chuma ndani ya mtungi wa shaba wenye unene wa sentimita 5, mtungi ukazungukwa na bentonaiti, udongo unaovimba ukipata maji na kuziba kila mwanya. Juu ya yote kuna mwamba. Nafasi iliyopo ni ya tani 6,500 za urani, na majaribio ya hatua za kufukia yalianza mwaka 2024.

Ajali. Shimo likishafungwa hakuna cha kulipuka. Hofu ni maji ya chini ya ardhi kula mtungi polepole kwa maelfu ya miaka. Uswidi, inayotumia mbinu hiyohiyo, imebishana kuhusu jambo hili hadharani kuliko nchi yoyote. Watafiti wa chuo kikuu cha ufundi cha Stockholm walidai shaba inaweza kuliwa hata na maji yasiyo na oksijeni. Kampuni inayopanga shimo hilo ikapinga. Mwaka 2018 mahakama ya mazingira ikasema maswali ya shaba hayajajibiwa vya kutosha. Serikali ikatoa kibali Januari 2022, na ujenzi wa shimo pale Forsmark, Uswidi, ukaanza 2025. Ukitaka kuona mjadala wa taka unavyopaswa kwenda, anzia huko.

Mashimo mengine yana historia chungu. Asse, Ujerumani, mapipa 126,000 ya taka zenye mionzi ya kiwango cha chini na cha kati yalisukumwa ndani ya mgodi wa zamani wa chumvi kati ya 1967 na 1978. Maji yanaingia, na sasa sheria inataka mapipa yote yatolewe. Kule New Mexico, Marekani, ghala la taka za nyuklia liitwalo WIPP lililo mita 655 chini kwenye chumvi lilifungwa kwa karibu miaka mitatu kuanzia Februari 2014, baada ya pipa moja kupasuka. Chanzo: mchanga wa kunyea paka. Mafundi huutumia kufyonza majimaji, na safari hii waliweka ule uliotengenezwa kwa ngano badala ya ule wa udongo, ukachangamana na chumvi za naitreti ndani ya pipa ukazua joto. Mwamba haukuwa na kosa lolote.

Ulinzi. Mkubwa wakati wa kufukia, ambao Onkalo utachukua kama miaka 100. Ukishafunga, hauhitaji mlinzi. Pesa. Nyingi, tena mapema. Ufini hukata kampuni za umeme fedha za mfuko maalumu wa taka tangu miaka ya 1980, hivyo anayelipa ni mtumiaji wa leo. Kurudi nyuma. Kwa shida na gharama. Kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo sifa yake kuu, kwa wengine ndiyo dosari.

Ridhaa ndiyo iliyoamua mengi. Sheria ya Ufini iliipa manispaa mamlaka ya kukataa, na Eurajoki, iliyoishi na vinu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ikakubali. Marekani ilifanya kinyume: mwaka 1987 Bunge lilielekeza utafiti wote kwenye mlima wa Yucca Mountain, jimbo la Nevada, huku Nevada ikipinga. Jimbo likapigana kila hatua, na kufikia 2010 mradi ulikuwa umesimamishwa.

Shimo linafaa nchi yenye mwamba tulivu, fedha zilizowekwa kando na subira ya miongo. Halimfai anayetaka majibu ndani ya muhula mmoja wa uchaguzi.

## Kuchakata upya

Mafuta yaliyotumika bado yana urani karibu asilimia 95 na plutoni kama asilimia 1. Kiwanda cha La Hague, Normandie, huyakatakata, huyayeyusha kwa asidi na kuvitenganisha. Asilimia chache zilizobaki, zenye mionzi mikali, huchanganywa na kioo kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya makopo ya chuma. Plutoni hurudi kinuni ikiwa mafuta mchanganyiko ya urani na plutoni. Kwa maneno matupu hii ndiyo njia inayovutia kuliko zote, maana nani hapendi kusikia taka zinatumika tena?

Ajali. Ni kiwanda cha kemikali chenye mionzi. Katika kiwanda cha kuchakata cha Sellafield, Uingereza, mwaka 2005 iligundulika bomba limevunjika na mita za ujazo 83 za asidi yenye urani na plutoni zimevuja ndani ya chumba cha zege. Hazikutoka nje, lakini zilivuja kwa miezi bila mtu kujua. Ulinzi. Hapa ndipo pagumu. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huhesabu kilo 8 za plutoni kuwa kiasi kinachoweza kutosha bomu moja. Uingereza imejikuta na takriban tani 140 za plutoni ya kiraia, na mwaka 2025 iliamua kuifungia ndani ya kitu kigumu ili izikwe. India ilitumia plutoni iliyochakatwa katika jaribio lake la mlipuko wa nyuklia la mwaka 1974.

Pesa. Ghali. Japani ilianza kujenga kiwanda cha Rokkasho mwaka 1993 kikitarajiwa kukamilika 1997, na tarehe imesogezwa mara 27. Kurudi nyuma. Urani unaipata tena, lakini yale makopo ya kioo hayarudi kuwa kitu kingine. Yanahitaji shimo la kina vilevile, ndiyo maana Ufaransa inapanga lake katika kijiji cha Bure, mita 500 ndani ya udongo mgumu. Anayekwambia kuchakata kunafuta tatizo la mahali pa kuzika hajakwambia yote.

Njia hii inafaa nchi yenye vinu vingi na kiwanda ambacho tayari kipo. Mteja wa nje anaweza kupeleka mafuta yake huko, ila sheria ya Ufaransa humtaka apokee taka zake zinaporudi.

## Na ile ya kumrudishia muuzaji?

Urusi huwapa baadhi ya wateja mkataba wa kuyachukua mafuta yaliyotumika, kama ilivyokubaliana na Iran kwa kituo cha Bushehr. Kwa nchi ndogo si jambo la kupuuza. Lakini hilo ni suala la mkataba zaidi ya uhandisi: linadumu kadiri uhusiano wa nchi mbili unavyodumu, na kabla ya safari mafuta lazima yakae bwawani kwako kwa miaka.

## Kulingana na hali yako

Kama nchi yako itakuwa na kinu kimoja au viwili, piga hesabu kwanza. Kinu kimoja kwa miaka 60 ni tani 1,200 hadi 1,800. Kiwanda cha kuchakata hakilipi kwa kiasi hicho, na shimo la peke yenu litakuwa ghali kwa kila tani. Makasha pamoja na mfuko unaoanza kukatwa siku umeme unapoanza kuuzwa, au mkataba wa kurudisha, ndivyo vya kuchunguza kwanza. Afrika Kusini, yenye kituo pekee cha kibiashara barani kilichokwisha kuzalisha umeme, bado inaweka mafuta ya Koeberg kituoni hapo hapo, bwawani na kwenye makasha. Vaalputs, huko Northern Cape, hupokea taka za viwango vya chini na vya kati tu.

Kama kituo kinapangwa ufukweni, dai muda mfupi wa bwawa uandikwe kwenye leseni, na uulize mikebe itakaguliwaje dhidi ya chumvi. Kando ya ziwa la maji baridi chumvi si tatizo kubwa, ila ziwa hilo ndilo kisima cha mamilioni.

Kama hofu yako kubwa ni serikali kuyumba au vita, usiweke imani kwenye kitu kinachohitaji askari wa zamu kwa miaka 100. Shimo ndilo linalokufaa. Eneo letu lina Bonde la Ufa, ambalo si mahali pa kufukia, lakini pia lina mwamba wa Tanzania wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Umri peke yake hautoshi, maana nyufa na maji ndiyo huamua, na hilo hujulikana kwa miaka mingi ya kuchoronga. Kama hofu yako ni wataalamu kukosea bila kurekebishika, basi makasha yanakupa nafasi ya kubadili njia, mradi ukubali kulipia ulinzi.

Kama kinachokukosesha usingizi ni silaha, weka kuchakata mwisho wa orodha.

Kama tayari unaishi jirani na vinu, tuseme Ontario, Canada, mazungumzo yako ni tofauti. Mwaka 2024 Canada ilichagua eneo la Wabigoon Lake na Ignace kwa shimo lake, baada ya jamii zote mbili kukubali. Kwako swali ni usafirishaji, na makasha ya mtaani kwako yataondoka lini.

Na kama una dakika tatu tu za kusema kikaoni, usizimalize kwa Chernobyl. Uliza mafuta yatatoka bwawani mwaka gani, fedha za kuyashughulikia ziko kwenye mfuko upi na nani anaweza kuzigusa, na kama kaunti ikisema hapana, hapana hiyo ina nguvu ya sheria au la. Omba majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.